Wifi Aliyeulizwa

Kwenye dobi tulikokuwa tukifanya kazi, tulimwita Nyoosha. Jina alijipa mwenyewe bila kujua. Shuka likija na mikunjo iliyokauka, au mwenye dobi akiamka na kisirani na kuanza kufoka asubuhi na mapema, yeye alisema tu, "Litanyooka," akaendelea kusukuma pasi. Alikuwa mwanamke mrefu, mpole, mwenye utani mkavu unaokufikia ukiwa umeshageuka kuendelea na kazi yako. Tulipiga pasi meza moja, yeye mashuka na foronya, mimi mashati. Kwa hiyo haya ninayoyasema sikuyaokota njiani. Mengine aliniambia mwenyewe ndani ya ule mvuke, mengine niliyaona kwa macho yangu.

Mumewe alikuwa kinyozi. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya kituo cha mafuta, kina kioo kirefu kilichopasuka pembeni na benchi la wanaosubiri zamu. Watu walimwita Profesa, na jina lilimkaa kama kofia yake mwenyewe. Hakuwa mtu mbaya. Wazee wasio na kitu aliwanyoa bure, na mtoto akilia kitini alimwimbia mpaka akanyamaza. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja: neno "sijui" halikuwahi kupita kinywani mwake. Ukimuuliza kwa nini saruji imepanda bei, anajua. Ukimuuliza kwa nini figo za binamu yako zimegoma, anajua pia, na atakwambia anywe nini. Anakufundisha huku mashine inakuzungukia kichwani, na wewe utabisha vipi wakati sikio lako liko mkononi mwake?

Profesa alikuwa na mdogo wake wa kike, mmoja tu. Wazazi wao walipokufa yeye aliacha shule, akashika mashine ya kunyolea ili mdogo wake asome. Asubuhi alimsuka mwenyewe, mistari imepinda kama njia ya mlevi, akampeleka shule akiwa amemshika mkono. Dada mtu alikua akijua kwamba neno la kaka ni neno la baba na la mama pamoja. Alipoolewa na dereva wa malori ya masafa marefu, mtu ambaye nyumbani alikuwa kama mgeni, alipanga vyumba viwili vinavyopakana ukuta na kaka yake. Alikuwa akiuza vyombo sokoni, mabeseni, sufuria na sinia.

Yeye na Nyoosha walikuwa mawifi wa kweli, wale wa kutaniana. Wifi mtu alikuwa akija dobini, anasimama mlangoni na kusema amekuja kukagua kama mke wa kaka yake anafanya kazi au anakula mshahara wa bure. Nyoosha anamjibu kwamba akiendelea kupiga kelele atapigwa pasi na yeye. Wakicheka, hata mwenye dobi alisahau kununa.

Wifi mtu alipata mtoto kwa kuchelewa, baada ya mimba kuharibika na watu kuanza kumtazama tumbo. Alikuwa msichana, na alianza kusema mapema mno. Kabla hajasimama vizuri alikuwa anataja vitu. Mjomba wake Profesa akampa jina la Kasuku. Akisikia tu mlio wa pikipiki ya Profesa nje alikuwa anapiga kelele "Jomba! Jomba!" na Profesa alikuwa anaingia kwa dada yake kabla ya kwake.

Sasa, siku moja mteja alikuja pale kibandani na simu. Ndani ya simu kulikuwa na mtu aliyevaa koti jeupe, anazungumza taratibu, anasema chanjo ya surua imetiwa kitu cha kuwafanya watoto wa kike wasije kuzaa. Hakutaja anatibu wapi wala jina lake ni nani. Profesa aliirudisha video ile mara kadhaa mpaka mteja akalalamika kwamba chaji inakwisha. Kuanzia siku hiyo, kila kichwa kilichokaa kwenye kile kiti kilifundishwa habari ya chanjo. Mpaka gari la wahudumu wa afya lilipokuja kupita mtaani na kipaza sauti, likitangaza siku ya kuchanja, benchi lilikuwa limeshajua la kujibu.

Nyoosha alikuwa na sababu yake ya kuogopa surua. Alipokuwa msichana, mdogo wake wa mwisho alikufa nayo, na ni yeye aliyekuwa amempakata. Aliniambia kilichomkaa kichwani ni macho ya yule mtoto, yalivyokuwa yanakimbia mwanga wa dirisha. Basi Jumapili moja mchana, wakikunja nguo za watoto, alimweleza mumewe. Profesa alimsikiliza, kisha akamwambia kwamba enzi zile kila homa iliitwa surua, watu hawakuwa na elimu. Akaongeza, bila kupandisha sauti, "Siku nikisikia sindano imegusa watoto wangu, mimi na wewe tumemalizana." Akaendelea kukunja. Alikuwa anakunja nguo vizuri, Profesa, kuliko mke wake anayelipwa kwa kazi hiyo.

Nyoosha hakubishana. Aliomba ruhusa kazini, akamwambia mumewe kwamba anawapeleka watoto kununua viatu, akaenda nao zahanati ya mtaa wa mbali ambako hakuna anayemjua. Watoto wakachanjwa, wote wawili, mkubwa wa kiume na mdogo wa kike. Yule mdogo alipata joto kidogo, mama akamkanda kwa kitambaa, na baba akaambiwa ni meno. Kesho yake, tukiwa mezani, alisema bila kuinua macho, "Nimeshawachoma." Nikamuuliza, na akijua je? Akasema atajuaje, labda sindano iote mti. Tulicheka. Lilikuwa jambo dogo, mwanamke kumzunguka mumewe kwa faida ya watoto. Nani kati yetu hajafanya?

Lakini Profesa hakukaa kimya na watoto wake. Walikuwapo watu waliosita, wanawake hasa, na yeye akawa na ushahidi. Jioni watoto wakipita kibandani alimnyanyua yule wa kike juu ya kiti cha kunyolea, akamwonyesha kwa benchi zima. "Mtazameni. Hajaguswa na sindano yoyote. Mnaona upungufu wowote hapo?" Mtoto alikuwa mnene, macho yanang'aa. Watu walitazama, na kweli upungufu haukuwepo.

Nyoosha alizipata habari hizo na hazikumpendeza. Ila aliona ni maneno ya kinyozi, yatafagiwa pamoja na nywele.

Kisha wifi yake akamuuliza.

Ilikuwa uani, wanaanika nguo. Zoezi la chanjo lilikuwa linakaribia kuisha na gari lilikuwa limepita tena asubuhi ile. Wifi mtu alikuwa amemfunga Kasuku mgongoni, na Kasuku alikuwa anataja rangi za nguo kadiri zinavyotoka kwenye beseni, nyingi anazikosea. Akasema, "Wifi, nikuulize kitu. Kaka anasema nisimpeleke. Lakini wewe ni mwanamke mwenzangu. Hawa wako kweli hukuwachanja?"

Nyoosha aliniambia kwamba jibu lilifika mpaka kwenye ulimi. Alimwona wifi yake akimwambia kaka yake siku ileile, si kwa ubaya, kwa sababu alikuwa hajawahi kumficha kaka yake kitu tangu azaliwe. Akaiona na ile Jumapili, mumewe akikunja nguo. Akachukua kibanio, akabana shuka, akasema, "Kaka yako ndiye anayejua mambo hayo."

Wifi mtu akasema basi, kama na wewe umeridhika, mimi ni nani? Wakamaliza kuanika. Gari la wahudumu liliondoka mtaani na halikurudi.

Surua ilikuja na joto la mwaka uliofuata. Ilianzia nyumba za nyuma ya soko. Kasuku alianza na mafua na macho mekundu, halafu vipele vikatoka nyuma ya masikio, vikashuka usoni. Siku hizo alikuwa akilala mchana na watoto wa Nyoosha, mkeka mmoja, shuka moja, wanapokezana kikombe. Profesa alimtazama akasema ni vipele vya joto, akaleta poda ya kibandani na dawa ya maji ya kushusha homa. Nyoosha alipoona macho ya yule mtoto yanakwepa mlango ulio wazi, alijua. Alimwambia wifi yake wampeleke hospitali papo hapo. Wifi mtu akasema ngoja nimuulize kaka. Kaka akasema asubiri kidogo, hospitali ndiko kwenye magonjwa. Wakasubiri mpaka masikio ya mtoto yakaanza kutoa usaha, na mwili ukaanza kujikunja na kukakamaa. Hapo Profesa mwenyewe ndiye aliyembeba, anakimbia katikati ya barabara kama mwendawazimu, magari yanampigia honi.

Kasuku hakufa. Alilazwa muda mrefu, akarudi miguu kama vijiti, lakini alirudi. Profesa alifunga kibanda siku ya kumtoa, akambeba kifuani njia nzima. Watoto wa Nyoosha hawakupata hata kipele kimoja. Profesa akawaambia wateja kwamba ni suala la damu, upande wake una damu nzito.

Aliyegundua ni mama yake Kasuku. Alikuwa amepanga mzigo wa sokoni, sinia za bati zimeegeshwa ukutani, na Kasuku amekaa sakafuni amezipa mgongo, anachezea vifuniko. Sinia zikaporomoka zote. Mlio ule ulitutoa hata sisi watu wa upande wa pili wa barabara, maana dobi ilikuwa inatazamana na nyumba ile. Tulikuta mama amesimama, mkono mdomoni, anamtazama mtoto. Kasuku alikuwa bado anachezea vifuniko. Hakuwa amegeuka.

Daktari alithibitisha. Surua ilikuwa imemla masikio yote mawili.

Maneno hayakumtoka kwa siku moja. Yalipukutika. "Jomba" ikawa "oba," ikawa "o." Rangi zilikwenda kwanza, majina ya watu yakafuata, na "mama" ndiyo iliyokaa kuliko yote, ikawa sauti tu isiyo na herufi, halafu nayo ikakatika. Jina la Kasuku watu waliacha kulitumia polepole, bila kuambiana. Profesa alikuwa anazima pikipiki mbali na nyumba na kuisukuma.

Mama mtu akawa anajichunguza. Nilikula nini nikiwa na mimba? Labda nilimwachisha ziwa mapema. Labda ni ile siku aliyonyeshewa na mvua. Mama mkwe wake alikuja akakaa wiki, na kazi yake ilikuwa kuhesabu makosa. Dereva wa malori safari zake zikarefuka, baadaye zikawa ndiyo makazi yake. Na wifi mtu alikuwa anakuja dobini, si kwa utani tena, anakaa kwenye ndoo iliyofunikwa na kumuuliza Nyoosha swali lilelile.

"Walilala shuka moja, wifi. Wako hawakupata, wangu akapata. Nimekosea wapi?"

Nyoosha alikuwa anasukuma pasi. Mara ya kwanza alimwambia ni mipango ya Mungu. Mara ya pili niliona shuka linaungua chini ya mkono wake, na yeye ndiye aliyekuwa hajawahi kuunguza kitu katika meza ile. Mimi nilijua, na alijua kwamba najua, na siku hizo tulikuwa hatutazamani.

Siku alipokwenda kusema, aliniomba nimsindikize. Ilikuwa saa ya mapumziko ya mchana. Tulimkuta wifi yake anamlisha mtoto uji. Nyoosha hakukaa. Alisema, "Wangu niliwachanja. Kaka yako hajui. Wewe hukukosea popote."

Wifi mtu aliendelea kulisha. Alifikisha kijiko, akamfuta mtoto kidevu, akaweka bakuli chini.

"Nilikuuliza," akasema.

"Najua."

"Uani. Nilikuuliza, nikakwambia wewe ni mwanamke mwenzangu."

Nyoosha akaanza kueleza habari ya mumewe, ile Jumapili, hofu ya kufukuzwa na watoto mkononi. Yote yalikuwa ya kweli. Wifi yake alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Ungenambia 'mpeleke.' Hata bila kunambia ya wako. Neno moja tu. 'Mpeleke.'" Kisha akamnyanyua mtoto, akaingia chumba cha ndani, akafunga mlango. Alimlilia huko ndani kwa sauti ya kutisha, kwa kuwa mtoto aliyempakata hakuweza kusikia kilio hicho.

Jioni Profesa aliambiwa na dada yake. Nilitegemea pale pachimbike, na hapakuchimbika. Aliacha kula chakula cha mkewe kwa muda, akahamia kulala na watoto, na mwishowe akaita kikao cha ukoo. Baba yake mdogo ndiye aliyekiongoza. Nyoosha aliwekwa kwenye kiti katikati ya sebule, kama wale watu wa kunyolewa. Wakampima. Kwamba alimdanganya mume, alikwenda kinyume cha neno la nyumba, na kubwa zaidi, kwamba alijua na akaacha mtoto wa watu aangamie. Profesa alikosea kwa kutokujua, wakasema, na asiyejua husamehewa.

"Hapo ndipo waliponishika," aliniambia kesho yake. "Mengine yote ningeyajibu. Hilo ni kweli."

Nikamwambia mbona hawakumuuliza Profesa nani alimfundisha utabibu. Akasema swali hilo halikuletwa kikaoni.

Hakuachwa. Alibaki ndani ya nyumba ile kama mtu aliyepangishwa. Na Profesa, baada ya miezi ya ukimya, akaanza tena kuzungumza kibandani, mwanzoni kidogo, kisha kama zamani. Ila sasa alikuwa upande wa pili. Alisoma, akauliza, akakaa na wahudumu wa afya, akaweza kukueleza surua inavyoingia mwilini hatua kwa hatua mpaka ukaogopa kupumua. Na alieleza vizuri. Zoezi jipya la chanjo lilipokuja, wahudumu walimwomba azungumze na wazazi kwenye uwanja wa shule. Wakampa fulana na kipaza sauti.

Mtaa mzima ulikuja. Dobi ilifungwa, tukaenda. Nyoosha alisimama nyuma kabisa, karibu na ukuta wa vyoo, na watoto wake. Profesa alisema, "Mimi ni baba niliyekosea," na kuanzia hapo uwanja wote ulikuwa wake. Alilia machozi ya kweli, sitaki kumsingizia. Alisimulia habari za yule mtu wa koti jeupe kwenye simu, za ile safari ya kukimbia na mtoto barabarani, za jina la Kasuku na jinsi lilivyokufa. Alipofika kwa watoto wake mwenyewe, akasema, "Wangu, Mungu aliwaepusha tu." Akapita.

Nilimgeukia Nyoosha. Alikuwa anamfunga mtoto kamba ya kiatu.

Kisha Profesa akamwita dada yake apande na mtoto. Dada mtu alisita, lakini ni kaka aliyeita, akapanda. Profesa akamnyanyua mtoto juu, akamwonyesha kwa umati, na watu wakapiga makofi, wengine wanafuta macho. Mtoto aliona mikono yote ile inapepea, akafurahi, na yeye akaanza kupiga makofi. Mama yake aliangalia chini.

Siku hiyo watoto wengi walichanjwa. Mstari ulizunguka uwanja. Lazima niliseme hilo, kwa sababu ni kweli, na kwa sababu bila shaka wapo watoto wanaosikia leo kwa ajili ya ulimi wa Profesa, uleule. Watu walimpa mkono na kusema huyu ndiye mwanaume, anayekiri kosa lake mbele za watu. Mkewe walipita kando yake. Mwanamke mmoja aliyekuwa mbele yangu kwenye mstari alimnong'oneza mwenzake kwamba yule pale ndiye aliyewachanja wake kwa siri akamwacha wa wifi yake, na mwenzake akavuta shavu la mtoto wake karibu na kifua.

Shule ya watoto viziwi ilikuwa mbali, ya bweni, na mama mtu aliamua kuhama ili awe karibu nayo. Kabla ya kuondoka alikuja dobini na mashuka ya shule na sare, mpya zote, anataka zipigwe pasi. Alisimama kaunta kama mteja yeyote. Nilitaka kuzipokea, lakini Nyoosha aliniwahi. Alizipiga mwenyewe, moja moja, mpaka kola za gauni lile dogo zikasimama, akazifunga kwenye karatasi.

Alipomkabidhi akamwambia, "Nilitaka kuja kumuaga mtoto."

Wifi yake aliupokea mzigo. Alikuwa amepungua, na sauti yake haikuwa na hasira, afadhali ingekuwa nayo. "Kaka nimemsamehe," akasema. "Alikuwa mjinga, na mimi nilikuwa mjinga wake. Wewe hukuwa mjinga. Nimejaribu, naona siwezi."

Akauliza anadaiwa kiasi gani. Nyoosha akatikisa kichwa. Wifi mtu aliweka pesa kaunta, akaondoka bila kusubiri chenji.

Gari la hoteli iliyotuletea mashuka lilikuwa limeshafika nje na mwenye dobi anaita mashuka yako wapi. Nusu ya fungu ilikuwa bado. Nyoosha alirudi mezani, akanyunyiza maji, akashika pasi. Nilizichukua zile pesa nikaziweka kwenye sanduku, kwa sababu yeye hakutaka kuzigusa, tukaendelea na kazi mpaka gari likajaa.